Umepata MD ila siyo chuo ulichokitaka: uthibitishe au usubiri mwakani?

Kila mwaka matokeo ya form six yakishatoka mwezi wa saba na vyuo vikianza kutoa majina, simu yangu haitulii. Mara mtoto wa shangazi, mara jirani wa nyumbani Songea, mara mama mmoja niliyewahi kumhudumia wodini akaomba namba, na swali ni lile lile, dokta, mwanangu kachaguliwa MD, yaani digrii ya udaktari, chuo fulani cha private lakini yeye roho yake ilikuwa Muhimbili, aende au asubiri aombe tena mwakani? Mwaka huu swali limeingia mpaka sebuleni kwetu, mdogo wangu wa mwisho, kombi PCB (Physics, Chemistry, Biology), na yeye yamemkuta. Nimekaa naye siku tatu tunaongea, kwa hiyo nimeona bora niandike yote niliyomwambia yeye, na mengine ambayo natamani mtu angeniambia mimi kipindi kile.

Msimamo wangu nausema mapema. Kusubiri mwaka kuna maana kama unaweza kutaja kitu kimoja kwa jina lake ambacho mwakani kitakuwa tofauti kwenye maombi yako. Labda matokeo mapya, labda hela ambayo leo haipo, labda uliomba vyuo vibaya na sasa umejua wapi ulikosea. Kama huwezi kukitaja, mwakani utapeleka cheti kile kile, na foleni itakuwa imeongezeka kwa wale wote waliomaliza nyuma yako.

Nimeliona hili kwa rafiki yangu wa bweni. Wote tulipata div one, wote tulichaguliwa MD private, mimi nikaenda yeye akagoma, alisema hawezi kuwa daktari wa chuo ambacho hata shangazi zake hawakijui. Akakaa nyumbani mwaka mzima, hakurisiti (hakurudia mtihani), hakufanya chochote kwenye pointi zake, mwaka uliofuata akaomba vyuo vile vile kwa mpangilio ule ule, na alipopata alipata kwenye chuo kile kile alichokikataa. Leo ni daktari mzuri sana na nampenda, ila mwaka mmoja wa maisha yake ulipita hivyo na hata yeye akikumbuka unamuuma.

Soma kwanza ulichopewa

Najua hili linaonekana dogo lakini nimeona watu wanapiga vigelegele kwa kitu kingine kabisa. Doctor of Medicine, MD, ni digrii ya miaka 5 halafu mwaka 1 wa intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Clinical Medicine ni diploma ya miaka 3 inayokupa utabibu. Medical Laboratory ni maabara. Dental ni DDS, digrii ya udaktari wa meno, nayo miaka 5. Angalia jina la kozi, ngazi, kampasi (chuo kinaweza kuwa na jina la mkoa mmoja na wewe ukapangiwa kampasi ya mkoa mwingine), na ada iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga ya mwaka huu, usitumie ya mwaka juzi uliyoikuta imesambazwa kwenye grupu la WhatsApp.

Kisha fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uhakikishe kozi hiyo kwenye chuo hicho imo. Kuna mtu ataona hii ni kupoteza muda, ila mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, kwa hiyo vitu hivi vinatokea, na kwa udaktari kuna mlango wa pili baada ya TCU, ambao ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Bila baraza kukusajili, ile digrii inabaki karatasi ya ukutani, huruhusiwi kumgusa mgonjwa. Kama chuo ni kipya sana uliza wazi kabisa, wahitimu wenu wa kwanza wa MD walimaliza lini, wanafanya intani wapi, wamesajiliwa?

Jua pointi zako maana hapa wengi wanachanganya

NECTA, Baraza la Mitihani, wanahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, ndogo ndiyo nzuri, kwa hiyo unasikia mtu anajisifu div one ya 3. TCU wao wanageuza, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kubwa ndiyo nzuri. Mdogo wangu ana B, C, C. Kwa NECTA ni div one ya 8, kwa TCU ni pointi 10 kati ya 15. Nyumbani wanasikia "div one" wanaona mtoto amemaliza kazi, wakati kwenye MD ya chuo cha serikali hizo pointi 10 zinakaa kwenye foleni moja na watu wa 13, 14 na 15. Sifa za chini zilizoandikwa kwenye mwongozo zinakupa haki ya kuomba tu, kuchaguliwa kunategemea wangapi wamekuzidi mwaka huo kwa ile kozi. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona unafit sifa, omba tena utapata", muulize, mwaka huu nilifit pia, kilichoninyima ni nini? Kama ni pointi, basi jibu liko kwenye pointi.

Hela, na hapa nitakaa kidogo

Mimi nilithibitisha private bila hesabu. Mzee wangu ni mwalimu wa msingi, mama analima na kuuza mahindi, tuliona ada ya mwaka wa kwanza tukasema Mungu atafanya njia, na kweli ya semista ya kwanza tuliipata nusu. Mwezi wa pili wiki ya mitihani jina langu likawa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia UE (mitihani ya mwisho wa semista) kwa sababu ya deni. Nilisimama nje ya ukumbi nimeshika kalamu, wenzangu wanaingia kwenye Anatomy. Mzee aliuza magunia ya mahindi ambayo yalitakiwa kusubiri bei ipande, baadaye akauza na kiwanja. Nilifanya mitihani ile kama mtihani maalum mwezi wa tisa, na nimemaliza, ila sipendi familia nyingine ipite hapo wakati hesabu ingefanywa mezani kwa nusu saa.

Chukua karatasi na kalamu, usihesabu kichwani. Andika ada ya mwaka mmoja. Chuo cha serikali ada ya MD kwa Mtanzania inazunguka kwenye milioni 2 hivi, private utakuta milioni 5, 6 na kuendelea. Chini yake andika vile vingine vyote, usajili, mitihani, bima ya afya, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, ile 20,000 ya TCU, koti jeupe, stetoskopu, mashine ya presha, vitabu, hosteli au geto, chakula, nauli ya kwenda na kurudi nyumbani. Jumlisha halafu zidisha mara 5. Wazazi wengi wanaumia hapa kwa sababu wanauza ng'ombe kwa ajili ya mwaka wa kwanza na hawajui wa pili utatoka wapi, na MD huwezi kuisoma kwa kuahirisha ahirisha, ukitoka mwaka wa pili ukarudi baada ya miaka miwili ile Physiology yote imeshaondoka kichwani.

Mkopo sasa. Tatizo kubwa la mkopo ni kalenda. Majina ya Bodi ya Mikopo kwa kawaida yanaanza kutoka mwezi wa kumi, wakati kuthibitisha chuo kunakuwa mwezi wa nane au wa tisa. Maana yake unaamua kabla hujajua umepewa shilingi ngapi. Kwa hiyo piga hesabu mara tatu, ukipata mkopo mzuri, ukipata nusu, na ukikosa kabisa, halafu uliza familia, kwenye hii hesabu ya tatu tunaweza kufika hata mwaka wa pili? Na hata ukipewa ada, kiwango cha Bodi kina kikomo, chuo cha ada kubwa pengo linabaki kwako. Tuseme ada ni milioni 6 na Bodi ikakulipia 3, pengo ni milioni 3, weka michango mingine laki 5, ni milioni 3 na nusu kwa mwaka, mara miaka 5 ni milioni 17 na laki 5. Hiyo namba ndiyo ya kuweka mbele ya baba na mama. Bumu, yaani hela ya kujikimu, hiyo 10,000 ya kila siku, itaishia kwenye chakula na chumba, usiihesabu kama ada, niamini.

Mambo mawili ya mkopo ambayo yanamhusu mtu anayefikiria kusubiri. Moja, Bodi wanaangalia uwe umemaliza form six au diploma ndani ya miaka 5 iliyopita, kwa hiyo mwaka mmoja wa kukaa nyumbani haukutoi kwenye sifa. Mbili, ukianza kozi ukachukua mkopo halafu ukaacha katikati ili uombe MD upya, lile deni linabaki la kwako na mkopo wa pili kuupata ni shughuli kubwa. Hivyo ule mpango wa "ngoja niingie tu kwenye kozi yoyote nile bumu mwaka mmoja halafu mwakani niombe MD" una gharama ambayo haionekani leo. Makato ukiajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara, ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inaongeza deni kila mwaka ilifutwa 2021, kwa hiyo deni la sasa linabebeka, ila ni deni. Waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi waangalie Samia Skolashipu, ilianza mwaka wa masomo 2022/23 na elimu tiba imo, ile hairudishwi.

Ukiona karatasi inagoma hata kwa hesabu ya katikati, hapo kusubiri kunaanza kuwa na jina, maana kitakachobadilika mwakani ni hela au chuo chenye ada ndogo. Ila ujiulize hiyo hela mwakani itatoka wapi, maana mahindi ni yale yale.

Kurisiti

Hii ndiyo njia pekee ya kubadilisha pointi zako, kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya tena mtihani mwezi wa tano. Usajili unafanyika miezi ile ile ambayo matokeo bado ya moto, ukikaa ukalia mpaka Desemba ndiyo uamue, umechelewa. Hakikisha kituo unachojisajili kina maabara ya kweli maana PCB bila praktikali haipo, wengine wanajisajili kituo cha karibu na nyumbani halafu siku ya Chemistry wanakutana na vifaa ambavyo hawajawahi kuvishika kwa mwaka mzima.

Nani arisiti? Kwa maoni yangu, mtu ambaye anajua kabisa somo lipi lilimwangusha na kwa nini. Uliumwa wiki ya mtihani. Shule yenu haikuwa na mwalimu wa Physics mpaka mlipofika form six, na sasa kuna mahali pa kusoma. Ulipata E ya Physics na B mbili. Huyo ana kitu cha kurekebisha. Mwenye C tatu ambaye alisoma kwa nguvu zake zote, shule nzuri, walimu wapo, akapata C tatu, namwambia kwa upendo kwamba kutoka C kwenda A ukiwa nyumbani peke yako, bila ratiba, bila wenzako wa kujadiliana, mama anakutuma dukani kila saa, ni mlima mrefu kuliko unavyoonekana kutoka huku chini. Kama una MD mkononi na hela inatosha, chukua MD.

Labda ulikosea kuomba tu

Kuna kundi ambalo kusubiri kunaweza kuwasaidia hata bila kurisiti, na wenyewe hawajijui. Ni wale walioomba Muhimbili tu, au Muhimbili na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) basi, wakakosa. Udahili kwa sasa unaomba chuo kimoja kimoja moja kwa moja, kwa hiyo ukubwa wa nafasi yako unategemea umegonga milango mingapi. Kuna MD Mbeya kwenye kampasi ya UDSM, kuna KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Kairuki Dar es Salaam, St. Francis Ifakara, SUZA Zanzibar, na vingine. Mtu mwenye pointi za kati aweke vyuo viwili vya ndoto na vingine viwili vitatu ambako pointi zake zinakaa vizuri. Na kabla hujasubiri mwaka mzima, kuna awamu ya pili ya maombi kwa waliokosa, fuatilia kozi zenye nafasi. MD huwa inajaa mapema lakini angalia kwa macho yako, usiambiwe na mtu.

JKT nayo imewaponza wengi. Upo kambini kwa mujibu wa sheria, simu huna, dada au kaka anakuombea kwa haraka, anaweka kozi anazozijua yeye. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, usijilaumu.

Ukipewa kozi nyingine ya afya

Umeomba MD ukapewa Nursing, Pharmacy au Maabara. Hapa swali linabadilika. Usiichukue kama ngazi ya kupandia MD. Ukishapata digrii ya kwanza kwa mkopo, MD itakuwa kwa hela yako mwenyewe, umri umeenda, pengine una mtoto. Wapo waliofanya hivyo wakafika, nawaheshimu sana, ila ni wachache na kila mmoja alikuwa na mshahara au mtu wa kumshika mkono. Lakini ukiichukua Pharmacy kwa sababu unataka kuwa mfamasia, hiyo ni kazi kamili yenye heshima yake, nafanya kazi na mfamasia mmoja ambaye ameokoa wagonjwa wangu kwa kuona dozi niliyoandika usiku nikiwa nimechoka. Na nesi mwenye digrii anayejua kazi yake, wodi nzima inamsimamia yeye. Kaa siku nzima hospitali ya wilaya, waangalie wanachofanya, halafu jiulize unaweza kukifanya miaka 30.

Njia nyingine ni diploma ya Clinical Medicine, miaka 3, halafu ukiwa na GPA ya 3.0 kwenda juu na masomo ya sayansi ya form four yamekaa sawa, unaomba MD. Ukijumlisha ni miaka 8 kabla ya intani, ndefu kweli, ila katikati una leseni na unaweza kuajiriwa ukajilipia. Darasani kwetu walikuwepo waliopita hiyo njia, mwaka wa kwanza Biochemistry iliwatesa, tulipofika mwaka wa tatu tukaingia wodini sisi wa form six tulikuwa tunashika stetoskopu kwa woga na wao wanamhoji mgonjwa, wanampima, wanajua ni malaria kali au ni kitu kingine. Tuliwakimbilia wao. Kwa mtu ambaye pointi zimekataa na roho imekataa kuacha udaktari, naiona hii ni bora kuliko kukaa nyumbani miaka miwili unarisiti mara ya pili na ya tatu.

Kuhusu kuhama, ndiyo, uhamisho wa chuo au wa kozi upo, una dirisha lake mwanzoni mwa mwaka na lazima pointi zako ziwe zinatosha huko unakoenda na nafasi iwepo. Nafasi ya MD kubaki wazi ni adimu. Thibitisha mahali ambapo uko tayari kubaki.

Kwenda nje, kama China, India na kwingineko, sitarefusha. Mawakala watakuja na picha za majengo. Uliza TCU kuhusu kile chuo kabla hujalipa hata senti, wanatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, na jua kwamba ukirudi kuna kutambuliwa digrii na kuna baraza linakusubiri na mtihani. Kumbuka pia waliokwama China 2020 na waliokimbia Ukraine 2022, wengi walikuwa wanasoma udaktari, wakarudi nyumbani katikati ya kozi.

Chuo kibaya au chuo usichokijua?

Hivi ni vitu viwili tofauti na vijana wanavichanganya. Kwamba chuo hakina jina kijiweni haimaanishi ni kibaya. Vitu vya kuangalia ni hospitali wanayofundishia, ina vitanda vingapi, wodini mnakuwa wanafunzi wangapi kwenye kitanda kimoja. Chuo chenye wanafunzi wachache kwenye hospitali yenye wagonjwa wengi kinaweza kukupa mikono kuliko chuo kikubwa ambako mmezunguka mgonjwa watu 20 na wewe wa nyuma unaona mgongo wa mwenzako. Ninapofanyia kazi tuko madaktari wa vyuo vinne tofauti na saa nane usiku mama anapovuja damu baada ya kujifungua hakuna anayeuliza ulisoma wapi.

Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne wa chuo hicho, wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kuvaa koti na hajajua kitu. Muulize wangapi walianza na wangapi wamefika, waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli) walidisko kwa somo gani, wakati wa supu (mitihani ya marudio) wanapata msaada au wanaachwa, walimu wa Anatomy wapo wa kudumu au wanakuja wikiendi kutoka mkoa mwingine, maiti za kujifunzia zipo? Ukisikia majibu mabaya kutoka kwa watatu ambao hawajuani, hapo una sababu ya kweli ya kukataa, na mimi nitakuunga mkono.

Ukiamua kusubiri

Mwambie mzazi kwa adabu na kwa karatasi. Mdogo wangu alianza vibaya, alimwambia mzee "mimi huko siendi", mzee akanyamaza siku nzima. Nikamwambia mdogo wangu rudi, kaa chini, sema hivi, "Shikamoo baba, nimepiga hesabu, naomba tuiangalie pamoja." Mzazi anayeona namba anaongea tofauti na mzazi anayeona mtoto anakataa baraka.

Mwaka wenyewe uwe na kazi. Jisajili mtihani mapema kama unarisiti. Tengeneza karatasi za mkopo kuanzia sasa, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho, namba ya NIDA, akaunti ya benki kwa jina lako lile lile lililo kwenye cheti cha form four, maana herufi moja ikitofautiana utazunguka ofisi miezi. Tafuta kazi hata ya duka la dawa au kufundisha twisheni form two, Biology utaikumbuka na hela kidogo utaweka. Andika pia tarehe ya mwisho, kwamba mwakani nikikosa tena nitachukua kile nitakachopata kati ya hivi viwili, umwambie na mtu mmoja unayemheshimu. Nimeona kusubiri kwa mwaka mmoja kukageuka miaka minne.

Ukiamua kwenda

Waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja wanatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kwa meseji au barua pepe uliyojazia wakati wa kuomba. Ukiomba kupitia stesheni, yaani duka la kuchapa na kutuma maombi, na wengi wetu tuliomba hivyo, kuna hatari namba ya simu iliyojazwa ni ya yule kaka wa stesheni, kwa hiyo meseji inaingia kwake. Kama hujapata namba, ingia kwenye akaunti yako ya chuo unachotaka kuthibitisha uombe itumwe tena, na usifanye hivyo siku ya mwisho usiku maana mfumo unakuwa mzito nchi nzima ikiwa imeingia kwa pamoja.

Mdogo wangu ameamua kwenda. Hesabu ya katikati inafika, mimi nimebeba pengo la miaka miwili ya kwanza kwenye mshahara wangu, mzee na mama wamebeba chakula, na yeye mwenyewe baada ya kuongea na wanafunzi wawili wa mwaka wa nne alirudi akaniambia "dada, kumbe wanaingia wodini mapema." Namba yake ya siri ilikuwa imeenda kwenye simu ya stesheni moja karibu na stendi, mwenye stesheni alikuwa amesafiri Njombe, tukampigia, akatusomea tarakimu moja moja huku mtandao unakatika, tukazirudia mara tatu, saa nne usiku ikakubali.